Wameuza Miguu Yangu

Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Kona,
S.L.P. 318.

Jumapili, 14 Julai

Mpendwa mdogo wangu Bobini,

Pokea salamu za dada yako, na uzipokee ukiwa umesimama, kama goti lako linaruhusu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule wa mwisho ameshaacha kukohoa? Sisi huku wazima kwa hesabu ya vichwa. Tukianza kuhesabu magoti hesabu inaharibika, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Yako imefika Jumanne pamoja na picha. Umenawiri. Koti limekukaa vizuri isipokuwa bega la kushoto, ambalo aliyelishona alikuwa na haraka zake. Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi tu. Mara ya pili nilifika pale unaposema goti lako la kulia linalia kama mlango, kwamba umelinunulia soksi ya kubana, na likizo ukiipata utalala wiki mbili miguu ikiwa juu ya mto ili ulipumzishe. Halafu chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayenong'ona, unasema umenifikiria na mimi: kuna kiti dukani kwenu kinajilaza chenyewe na kumnyanyua mtu miguu kwa kubonyeza kitufe, na unataka kunitumia.

Bobini, kiti hicho kisije. Nakuomba mapema hivi ili hata ukichoka kusoma njiani uwe umeshapata lililo muhimu. Usikilipie, usikitafutie meli, usimwambie binti yangu kwamba kipo. Sasa kaa nikueleze. Au usikae. Utaona mwenyewe.

Tuanze na ile mota.

Ulipoituma mwaka jana tulishangilia mtaa mzima. Mkwe wangu, yule seremala aliyemwoa binti yangu, aliacha kazi ya watu siku mbili akatengeneza meza ya mninga kwa ajili yake. Akakifungua kichwa cha cherehani ya Mama kutoka kwenye miguu yake, ile miguu ya chuma yenye kanyagio na gurudumu, akakipandisha kwenye meza mpya, akafunga mota. Ilinguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Shemeji yako alizima redio ili asikie vizuri. Kila mtu alisema, sasa Mama Fundi utapumzika. Na mimi nikasema ndiyo, nitapumzika, kwa sababu nilikuwa sijui ninachokubali.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa malkia. Kazi yote iliyokuwa inafanywa na miguu miwili kutoka asubuhi mpaka jioni sasa ilifanywa na kidole gumba cha mguu mmoja. Binti yangu, akiona napumzika vizuri, akanogewa. Akaivuta meza ya pasi mpaka ubavuni kwangu nisiinuke kupiga pasi. Akaleta maji ndani nisitoke kwenda bombani uani. Mkasi kulia, chaki kushoto, nyuzi kwenye kopo mbele ya pua. Mwisho akaenda stoo akakifuta vumbi kile kiti cha Mama, chenye mikono, akaniwekea mezani badala ya stuli yangu. Nikawa kama mbuzi aliyefungwa kambani, nakula panapofika kamba.

Asubuhi nikawa naamka kama mbao. Natoka kitandani kwa awamu: kwanza nia, halafu kiuno, halafu mguu mmoja, halafu mazungumzo marefu na mguu wa pili. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinakataa kuushika mkasi mpaka chai imekwisha. Nikasema ni umri. Miaka sitini na miwili si ya kuchezea. Shemeji yako, ambaye ana sitini na minane na hajainuka kwenye kile kibaraza tangu alipostaafu, akaniunga mkono.

Nikaona aibu zaidi kwa sababu mimi ndiye ninayejifanya mjuzi wa miili ya watu. Unanijua. Nimewazungushia watu futi miaka yote hii, na goti linaloanza kuondoka naliona kabla mwenyewe hajajua: suruali inachakaa upande mmoja, na mtu akija kupimwa anaegemea meza huku akisifia vitambaa ambavyo hana mpango wa kuvinunua. La kwangu sikuliona. Hakuna wa kunipima mimi.

Mpaka siku ya pini.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, niko peke yangu dukani. Pini ikaanguka chini ya meza. Nikashuka kuiokota. Kushuka hakukuwa na shida, mtu hushuka tu, uzito unasaidia. Pini nikaipata. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nikajaribu kwa kulia, nikajaribu kwa kushoto, nikashika mguu wa meza ya mninga, ukayumba, nikauacha nisije nikaangukiwa na cherehani na mota ya watu. Nikakaa pale sakafuni katikati ya vipande vya bitana, nikajiambia napumzika kidogo. Binti yangu alikuwa uani, ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilijua nikimwita, kesho ataniondoa hata kwenye cherehani.

Akaingia mteja, yule mwalimu wa hesabu mrefu aliyekuwa ameleta sketi. Akainama kuniangalia.

“Mama Fundi, umepotewa na nini?”

“Kifungo,” nikasema.

“Cha rangi gani?”

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. “Cheusi.”

“Basi tukitafute.” Na mtoto wa watu akaweka mkoba juu ya meza, akapiga magoti na gauni lake la kazini, akaanza kutambaa. Anatafuta kwa utaratibu, pembe kwa pembe, kama anasahihisha mitihani. Akapata pini nne. Akapata bobini moja ya uzi, wajina wako, imeviringika mpaka ukutani. Mimi natafuta palepale nilipokaa, naisugua simenti kwa kiganja ili nionekane na bidii.

Kwa bahati mbaya akakipata. Chini ya cherehani ya fundi hakukosekani kifungo cheusi.

“Hiki hapa. Haya, tuinuke.”

“Tangulia,” nikasema.

“Na wewe?”

“Mimi nitabaki kidogo.”

Akaniangalia vile walimu wanavyomwangalia mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Akanipitishia mikono makwapani kwa nyuma, akaninyanyua kama gunia, akanisimamisha ukutani mpaka damu ikarudi miguuni. Ndipo akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, nikamwambia nilikuwa natafuta kifungo. Tukacheka mpaka nikalia. Sikulia kwa kucheka peke yake.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, Jumatatu yake, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Binti yangu nilimwambia naenda kununua nyuzi.

Kuna dada pale, mdogo, kiatu cha raba, mikono ya baridi. Nikamvulia soksi, akaanza maswali.

“Mama, unakaa muda gani?”

“Miaka thelathini na moja.”

“Hapana, kukaa. Kwenye kiti.”

“Ndiyo. Miaka thelathini na moja.”

Alidhani namtania. Nikamweleza kwamba kushona ni kukaa, na kukaa nimekaa, lakini zamani sikuwa namwona daktari. Akauliza ni nini kilichobadilika mwaka huu. Nikaanza kumhesabia: mota, pasi, maji, kopo la nyuzi, kiti. Kadiri ninavyohesabu ndivyo kalamu yake inavyokwenda polepole. Mwisho akaiweka chini.

“Nani amekupumzisha hivi?”

“Watu wanaonipenda.”

“Hao ndio wagumu kutibu,” akasema.

Hakunidanganya, nilimpendea hapo. Alisema ile gegedu, nyama laini inayokaa katikati ya mifupa ya goti, ikishachakaa hairudi kuwa mpya, na kuna maumivu nitazeeka nayo. Lakini misuli ya paja langu, alisema, imelegea kwa kukosa kazi, na goti limeachiwa mzigo peke yake. Kile kiungo kinalishwa kwa kutembezwa, kama bawaba. Akanipa orodha, nikaiandika nyuma ya karatasi ya kukatia kola. Kila nusu saa niinuke, hata kama sina pa kwenda. Asubuhi na jioni niinuke kwenye kiti mara kumi bila kushika mikono yake. Nikikaa ninyooshe mguu mbele, niubane, nihesabu tano, niushushe taratibu. Vidole asubuhi niviloweke kwenye maji ya uvuguvugu, nikivifumba na kuvifumbua mpaka viamke. Nitembee kila siku. Viatu visiwe na visigino vya kwendea harusini. Na mandazi, akasema huku akinitazama tumbo kwa heshima, niyapunguze, maana kila ninachobeba juu goti ndilo linalokilipia. Maumivu madogo yanayoondoka kufikia kesho yake yasinitishe, lakini goti likivimba au likiwa la moto nirudi haraka kwake.

Nikamuuliza: na cherehani ya kukanyaga je? Nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kwamba hiyo ndiyo iliyoniua magoti.

Akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha pale pale, hewani, miguu miwili, kisigino na kidole, kisigino na kidole. Akaweka kiganja chake juu ya goti langu likicheza. Akasema kwa goti kama hili, lisilovimba, kule kukanyaga kidogokidogo bila uzito ndiyo dawa ambayo angenitafutia mashine yake, na hospitali hawana mashine. “Kumbe ulikuwa nayo nyumbani,” akasema. “Irudie. Ila usisahau kuinuka.”

Bobini, nilitoka pale natembea kama nimeshapona. Nikaingia moja kwa moja nyuma ya nyumba kuitafuta miguu ya cherehani, pale ubavuni mwa stoo tulipoiegemeza. Haipo. Nikazunguka banda la kuku. Haipo.

Nikamwita binti yangu. Akasema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekuwa anasubiri kusifiwa, kwamba mumewe alisafisha uani na vyuma vyote aliviuza. “Si alikupa bahasha, Mama?”

Alinipa kweli. Mwezi mmoja kabla, kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha: fedha za vyuma chakavu vya uani, Mama. Na unajua nilizifanyia nini zile fedha? Nilinunua mafuta ya kuchua magoti. Miguu yangu nimeiuza nikaipaka kwenye magoti.

Nilipiga kelele, nakiri. “Wameuza miguu yangu!” Yule jirani muuza mkaa akachungulia juu ya uzio, uso mweusi, macho meupe. Akanitazama chini, akanitazama juu.

“Mama Fundi,” akasema, “hiyo uliyosimamia ni ya nani?”

Mtaa mzima sasa ndiyo salamu yangu. Miguu haijambo, Mama Fundi? Imeonekana? Ningemjibu yule muuza mkaa, lakini anajaza gunia vizuri kuliko wengine wote.

Na mkwe je? Utaniuliza kwa nini sikumkabili. Mkwe ni mkwe, Bobini. Aliyenitengenezea meza ya mninga bila kuombwa, anayevua kofia akipita mbele ya mlango wangu, nimwambie nini? Jioni aliporudi nikasema, “Ahsante baba, uani kumekuwa kusafi.” Akafurahi. Nikaenda chumbani nikauma mto.

Mnunuzi wa vyuma, nilipomfuata, aliniambia vyuma vya namna ile havikatwi siku hizi, vina wenyewe. Aliviuza kwa yule mwenye mgahawa wa karibu na posta, mtu mnene mwenye aproni, wanamwita Meneja ingawa hana wa kumsimamia isipokuwa shemeji yake anayeosha vikombe. Nikaenda. Na kweli, dirishani, miguu yangu imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, juu imewekewa kioo, juu ya kioo chupa ya maua ya plastiki. Meza ya chai. Nilihakikisha ni yenyewe kwa lile ua la chuma la kushoto, uliloling'oa petali kwa nyundo ukiwa na miaka mitano ukamsingizia paka.

“Meza hii inauzwa?” nikamuuliza.

“Mama, hapa tunauza chai.”

Basi nikanunua chai. Nikakaa. Na miguu, yenyewe, bila kuniuliza, ikalipata kanyagio. Hakuwa amelifunga. Gurudumu likaanza kuzunguka, na kila mzunguko wa tatu likatoa ile sauti yake ndogo, unaikumbuka, kama mtu anayetaka kusema kitu halafu anaacha. Nilikanyaga mpaka chai ikapoa.

Tangu mwezi wa nne nakwenda kila siku asubuhi, isipokuwa Jumapili wanapofunga. Dakika kumi na mbili kwa mguu kwenda, kumi kurudi, maana kurudi ni mteremko. Chai bila sukari, robo saa ya kanyagio, narudi kazini. Nyumbani wanajua nafuata nyuzi. Binti yangu anafikiri nimekuwa mharibifu wa nyuzi. Wateja wa Meneja walinishangaa wiki mbili, halafu wakazoea. Mzee mmoja fundi saa akawa anawahi kabla yangu ili aijaribu na yeye, tukakaribia kugombana. Siku moja Meneja akaja na kitambaa chake, akaegemea.

“Mama, kila siku unakanyaga. Unashona nini?”

“Magoti,” nikamwambia.

Hakucheka. Akaketi mbele yangu, akavuta suruali, akanionyesha la kwake, limejaa kama kiazi. Nikamtuma kwa dada wa hospitali. Tangu hapo tunaelewana kidogo.

Lakini nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kulipia chai ili niitumie miguu yangu mwenyewe. Nimechoka kudanganya kuhusu nyuzi. Nikirudi dukani nikijaribu kuinuka kila nusu saa, binti yangu anakimbia: Mama unataka nini, kaa, nitakuletea. Nikimwambia sitaki kitu, nainuka tu, ananitazama usoni kama nina homa. Nikijinyanyua mara kumi kwenye kiti, shemeji yako ananihesabia kutoka kibarazani, na anaruka: sita, saba, tisa, kumi, basi mke wangu umemaliza. Nimemweleza mara ngapi kwamba kuna nane. Wananipenda wote. Ningekuwa na maadui ningeshapona.

Sasa kuna jambo sikuwahi kukuandikia. Nimelizunguka kurasa zote hizi.

Ulipoondoka, Mama alikuwa na miaka sitini na minne, na anakanyaga cherehani ile siku nzima. Alikuwa akisema goti linauma. Mimi ndiye niliyemwambia, Mama, umeshona ya kutosha, kaa. Nikaichukua cherehani. Na wewe, mshahara wako wa kwanza, ukatuma hela ya kiti. Kile chenye mikono. Tulijisifu sana, wewe kwa barua na mimi kwa mdomo. Alikaa. Tulimletea chakula pale, maji pale, tukamzuia hata kufagia. Alikaa miaka saba. Kila mwaka miguu ilikunjika kidogo zaidi, na sisi kila mwaka tukazidi kumwambia atulie. Siku alipofariki hukuwepo. Mimi na wanawake wa mtaa tulimlaza, na magoti yakakataa kunyooka. Tulimlaza ubavu, kama mtu aliyekaa.

Sisemi tulimuua. Alikuwa na mengine, daktari alisema, na sisi tulikuwa hatujui. Lakini binti yangu anaponiambia kaa Mama, nasikia sauti yangu mwenyewe, maneno yaleyale, upendo uleule. Ndiyo maana siwezi hata kumgombeza. Na kiti ninachokalishwa ni kilekile. Mikono yake ina alama za kucha za Mama upande wa kulia, pale alipokuwa akijaribu kuinuka tukiwa hatumwangalii.

Kwa hiyo unaelewa cha kitufe kwa nini kisije.

Nataka jambo moja tu kutoka kwako. Meneja amekubali: nimpe meza nzuri, anirudishie miguu. Meza nzuri ninayo moja, ile ya mninga aliyoitengeneza mkwe, na juu yake ipo mota uliyoituma wewe. Nikiitoa mwenyewe, nitakuwa nimemtukana mkwe na kumtupa mjomba kwa mpigo mmoja. Lakini neno la mtu wa mbali lina uzito hapa nyumbani. Mpigie simu binti yangu. Usinitaje. Mwambie kwamba mjomba ameota cherehani ya Mama inalia, kwamba utakapokuja Desemba unataka uikute inakanyagwa kama zamani, uisikie. Mwambie mkwe kazi yake ya mninga inatakiwa mgahawani watu waione. Hapo si uongo, Meneja ameshaulizia na viti. Mota wampe yule mwanafunzi wangu wa zamani aliyefungua duka sokoni, ana oda nyingi na magoti ya miaka ishirini. Fanya wiki hii. Meneja ni mwungwana, lakini fundi saa naye anaitolea macho.

Na wewe goti lako. Nilimuuliza dada wa hospitali kwa niaba yako. Wiki mbili za kulala amezikataa. Alisema kwanza lionwe na mtu wa kazi hiyo, usilitibu kwa soksi. Kama halina uvimbe wala halikwami, tembea. Kile chombo unachoendesha ghalani, cha kunyanyulia makasha, teremka kila nusu saa, ukizunguke kwa miguu kama unayetafuta kitu. Wakikuuliza umepotewa na nini, sema kifungo. Ukiwa unasubiri mzigo, nyoosha mguu, bana, hesabu tano. Na hesabu zote, usihesabu kama shemeji yako. Picha nimeiona pia, Bobini, na tumbo lililo ndani ya koti. Nilisema umenawiri kwa sababu barua ilikuwa inaanza.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie gauni lake nalimalizia, nimebakiza pindo. Watoto wabusu, waambie shangazi anawataka wakija wamkute mlangoni, si kitini. Shemeji yako anakusalimu kutoka kibarazani. Binti yangu na mkwe wanakusalimu na kukushukuru kwa mota. Muuza mkaa naye anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema nimwambie mdogo wangu atume na miguu ya akiba.

Mungu akutunze huko ulipo, akupe kazi isiyokuchosha roho, na viungo vya kukurudisha nyumbani kwa miguu yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata mota zako zikinguruma,

Dada Mkasi

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga. Jioni hii pini imeanguka tena, palepale. Nimeiangalia muda. Nikashuka. Nikaiokota. Nikaweka kiganja kimoja juu ya goti la kushoto, nikahesabu mpaka nane, nayo nikaitaja kwa sauti, nikainuka. Halafu nikaidondosha makusudi nikashuka tena, ili niwe na uhakika. Shemeji yako alikuwa na redio yake, binti yangu uani, mwalimu wa hesabu hakuwepo. Hakuna aliyeniona, ndiyo maana nimefungua bahasha nikuandikie wewe.